Mama Rudi Aaga Idara ya Anthropolojia

Baada ya miaka thelathini na moja ya kupeleka wanafunzi kwenye kazi za watu, mratibu wetu wa mafunzo ya uwandani anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye barua za ofisi ana cheo kirefu. Kwenye korido anaitwa Mama Rudi, na hata mkuu wa idara akijisahau humwita hivyo mbele ya wageni.

Alianza kama mhadhiri msaidizi katika kile chumba kinachotazamana na mashine ya kutolea nakala, na humo humo ndimo anamoondokea, kwa sababu kila alipopewa ofisi kubwa alimwachia mwenzake. Kazi yake ilikuwa kumtafutia kila mwanafunzi wa shahada ya uzamili mahali pa kukaa na watu kwa miezi kadhaa na kujifunza wanavyoishi: kiwanda cha mikate, gereji, kwa mafundi cherehani, mapokezi ya zahanati. Kwanza alikwenda mwenyewe, akakaa nao, akawauliza kama kweli wanamtaka mgeni. Waliokataa hakuwabembeleza.

Masharti yake yalijulikana. Wiki ya kwanza mwanafunzi afanye kazi na afunge mdomo, maswali baadaye. Na tasnifu haiwasilishwi mpaka mwandishi arudi kwa wenyeji wake, aketi nao, awasomee kila alichoandika juu yao kwa lugha ya kawaida. Neno likimuumiza mtu, lizungumzwe kabla halijachapwa. Ukimpelekea tasnifu kabla ya kufanya hivyo, hata iwe na nadharia za kumwaga, alikutazama juu ya miwani na kutamka neno moja tu: "Rudi."

Kijana aliyekuwa kiwanda cha mikate alirudi huko na kurasa zake mkononi. Waokaji walimsikiliza kwa heshima zote, kisha wakauliza paka wa stoo ya unga yuko wapi. Ikabidi paka aandikwe. Mtahini wa nje aliisifu aya hiyo kuliko sura nzima ya nadharia, na Mama Rudi alicheka mpaka akatafuta kitambaa cha kufutia machozi.

Kamati ya masomo ilipotaka kulifuta sharti hilo ili wanafunzi wamalize haraka, alisimama kulitetea kwa ukali ambao hatukuwahi kuuona kwake. Tulidhani ni ukaidi tu. Kumbe lilikuwa jambo la moyoni.

Enzi za uanafunzi wake, yeye mwenyewe alipelekwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Msimamizi wa pale alimpokea kama mdogo wake, akampa aproni na upande wa meza ya kupigia pasi, na siku moja akamweleza jinsi alivyofukuzwa na mumewe, akawa analala humo humo juu ya marobota ya mashuka. Mama Rudi, wakati huo binti tu, akaliandika jambo hilo. Jina alilibadilisha, lakini hospitali nzima ilijua ni nani anayeshika ufunguo wa chumba kile. Tasnifu ikapata alama za juu, nakala ikapelekwa maktaba ya hospitali kama shukrani, na msimamizi akayasikia maisha yake kutoka midomoni mwa wauguzi. Alituma ujumbe kwamba yule binti asikanyage tena pale. Naye hakukanyaga. Aliyewarudisha wenzake wote, mwenyewe hakurudi.

Haya alinisimulia nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu. Halafu akakumbuka kwamba ninaandika. Akanitazama juu ya miwani, nami sikungoja neno. Nilimtafuta msimamizi, ambaye siku hizi naye ni mstaafu, nikamsomea sebuleni kwake. Alisikiliza huku akikunja nguo za wajukuu, kona kwa kona, bila kuinua macho. Nilipomaliza alisema: "Hiyo yako iko sawa, mwanangu. Sasa ile yake nani atanisomea?"

Niliufikisha ujumbe kama ulivyo.  Kesho yake Mama Rudi aliomba ruhusa ya kutofika kazini, jambo lililomshtua hata karani, akaenda na tasnifu yake ya zamani ndani ya mfuko wa sokoni. Waliyozungumza huko hatuyajui, wala hatukuuliza. Tulimwona tu amerejea macho yamevimba, mwepesi wa hatua, akaagiza kwamba habari hii ibaki ndani ya wasifu huu, maana wote wawili wameiridhia.

Mama, idara inakushukuru kwa wanafunzi uliowafundisha adabu ya kuingia kwa watu na, zaidi, adabu ya kutoka. Tutaikosa miwani yako. Amka saa unayotaka, soma usiyolazimika kusahihisha, na afya njema isikuache mkono.

Siku ya sherehe ya kukuaga utakuta kiti cha pembeni yako kina mwenyewe. Mgeni wako amethibitisha kwamba atakuja. Ametuomba wasifu huu usomwe kwa sauti mbele ya watu wote, na pale anapotajwa yeye, usirukwe hata mstari mmoja.