Imani ni Kukabidhi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana bila Yeye matanga yangu yangekuwa yameshaanuliwa!

Shule nimeishia la pili, lakini neno imani nililiringia sana. Jumapili moja mwinjilisti wetu akatufundisha kuwa neno hilo asili yake ni Kiarabu, ukoo mmoja na amini na amana. Ukimwamini Mungu, akasema, umemkabidhi kitu kama amana, na mkono wako umeachia. Mie nikaguna. Mie na kukabidhi wapi na wapi? Jirani yangu Bi Somoe, Mwislamu wa Lindi, nusu ya mtaa wetu hapa Mbagala huweka amana kwake: funguo, vyombo, hata vitenge vya harusi. Mie hata ufunguo sikumpa.

Ndugu zangu, mvua ile! Mchana niko ndani na mjukuu wangu Jeni, mtoto wa kubebwa, mama yake yuko sokoni Buguruni. Maji yakaingia kwa kishindo, yakaubana mlango. Nikapanda kitandani, kitanda kikaelea! Dirisha halina nondo, lakini mwili huu mnauona, haupiti pale. Mtoto angepita.

Nje, juu ya ukuta wa ua wake, Bi Somoe kajilaza kifudifudi, kanyoosha mikono.

"Nipe mtoto!"

"Ukimdondosha je?" Kati yetu maji yanakimbia, yamebeba mabati ya watu.

"Na ukibaki naye je? Achia, bibi mkaidi wee!"

Nikashuka majini, nikampitisha dirishani. Bi Somoe akamshika. Vidole vyangu havikufunguka! Tukavutana, mtoto analia, maji yananifika kifuani. Hapo yale mafundisho yakanichoma: imani ninayo mdomoni, mkononi sina. Nikapiga kelele, "Yesu, huyu ni wako kabla hajawa wangu!"

Nikaachia.

Jamani, ile pumzi moja! Nilifumba macho. Kisha nikasikia, "Ninaye, shoga! Ninaye! Sasa panda juu ya kabati!" Wanaume wa mtaani wakavunja ukuta wa nyumba yangu, wakanitoa kama gunia la mkaa.

Ahsante Yesu! Nyumba imekwenda, nimepanga chumba, na Jeni anatambaa humo anang'ata viatu vyangu. Ahsante na kwa Bi Somoe, Mungu amtunze.

Na wewe uliyekaa hapo, unasema "naamini" huku umemng'ang'ania mwanao mgonjwa, ndoa yako, roho yako! Mpe Yesu leo. Mikono yake haidondoshi. Achia, mpenzi. Achia!