Mwalimu Kaha Warfa na Sauti Zilizohudhuria

Jumatatu, tarehe 30 Novemba 1998, Mwalimu Kaha Warfa anastaafu baada ya kuitumikia elimu kwa miaka ishirini na tisa. Miaka kumi na minane ya kwanza alisimama mbele ya ubao. Kumi na mmoja ya mwisho ameitumia hapa Kituo cha Walimu, Galbet, akifundisha watoto ambao wengi wao hajawahi kuwatia machoni.

Alianza kazi Januari 1970, Masalani, darasa la kwanza: wanafunzi arobaini na mmoja, vitabu sita. Gawanya mwenyewe. Watoto saba walikizunguka kitabu kimoja kilicholazwa mchangani, na waliokaa upande wa juu walijifunza kusoma herufi zikiwa zimepinduka. Kuna mfanyabiashara wa mbuzi hapa mjini, mtu mzima mwenye watoto wake, ambaye hadi leo hugeuza gazeti juu chini ndipo alisome vizuri. Mwalimu Kaha akimpita dukani humwambia, "Abdinasir, kosa ni langu." Naye, akimwita mwalimu kwa Kisomali, hujibu, "Hapana, macallin, mimi peke yangu ndiye ninayesoma gazeti la jirani bila yeye kujua."

Alipohamishiwa Kituoni mwaka 1988, kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kuwashauri walimu wenzake. Alipewa chumba kilichokuwa ghala la mahindi ya msaada, kiti kimoja na kabati lisilo na ufunguo. Vifaa vingine ofisi iliahidi kuvileta. Bado tunavitazamia, na tunawaomba wanaovileta waendeshe polepole, barabara si nzuri.

Jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa rejista. Januari 1993 darasa la sita la shule jirani lilikuwa na watoto hamsini na wawili. Kufikia Machi walibaki ishirini na tisa. Wengine walikuwa wamekwenda na mifugo kutafuta maji na majani upande wa Ijara, kama baba zao walivyokwenda. Ofisini jambo hilo liliitwa utoro. Mwalimu Kaha hakulipenda neno hilo hata kidogo. Alisema mtoro ni mtu aliyekimbia kazi, na hawa ndio kwanza wamekwenda kazini.

Dawa ilitoka kwa mtu ambaye hakuwa na habari kwamba anatoa dawa. Fartun, mwuza maziwa, huja mjini na madumu yake kutoka mabomani, na ndani ya kitambaa chake hubeba kanda za kaseti. Wageni wetu kutoka mbali huenda hawajui: jamaa zetu wengi huku hawaandikiani barua, wanazisema. Mtu huketi na redio yake, hubonyeza kitufe chekundu, huzungumza upande mzima, na kanda huenda bomani, Dadaab, hata ng'ambo. Siku moja Mwalimu Kaha alimwuliza, "Fartun, salamu zote hizi hazikulemei?" Fartun akacheka. "Salamu haina uzito, mwalimu. Maziwa ndiyo inaua mgongo." "Basi nitakubebesha hesabu za darasa la sita, uone zina uzito gani." Fartun alidhani ni mzaha mpaka alipokabidhiwa mfuko.

Ghala likageuka chumba cha kurekodia. Ukutani tuliangika blanketi na magodoro manne ili mbuzi wa Galbet wasiingie katika somo, na bado waliingia. Fundi wa Kituo, aliyejifunza kazi kwa kufungua redio za watu sokoni na kuomba Mungu zifungike tena, aliunganisha mashine mbili ili kanda moja izae nyingine. Cheo chake mpaka leo ni mhudumu wa usafi. Tuendelee.

Anayetaka kumjua Mwalimu Kaha ilimpasa amwone akirekodi. Alivua viatu, akaketi, akafumba macho. Alisoma swali polepole, kisha akanyamaza. Alikuwa akiacha nafasi kwenye kanda ili mtoto aliye mbali apate kujibu, na katika kimya kile uso wake ulibadilika kama wa mtu anayesikiliza. Wakati mwingine alitikisa kichwa. Wakati mwingine alitabasamu. Kisha alisema, "Vyema. Sasa tazama tena namba ya chini." Ungeapa kuna mtu amemjibu. Na huko mbali, wiki moja baadaye, watoto waliketi kwenye kivuli chembamba cha mgunga, wakasema jibu kwa hewa tupu, na hewa ikawaambia vyema. Aliyewahi kulisikia somo hilo kutoka pande zote mbili hakuwa tena na uhakika ni nani yuko hapa na ni nani yuko kule.

Msidhani kila kitu kilikwenda hivyo, kama ndotoni. Awamu ya kwanza tulipeleka kanda arobaini. Zilirudi thelathini na moja. Kati ya hizo, ishirini na saba hazikuwa na somo: zilikuwa na nyimbo za harusi, habari za ngamia aliyepotea, na ugomvi mmoja mrefu wa mahari ambao Kituo kizima kiliufuatilia hadi mwisho. Fundi akavunja vile vijino vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda ili isiweze kurekodiwa tena. Kabla ya mwezi kwisha mabomani waligundua kwamba tundu la kijino huzibwa kwa utomvu wa mgunga, na harusi zikaendelea.

Hapo ndipo Mwalimu Kaha alipofanya jambo ambalo wataalamu waliokuja baadaye kupiga picha hawakuliandika katika ripoti zao. Aliacha kupigana. Alivunja kijino cha upande wa kwanza tu, akasema kwenye kanda, "Upande huu ni wangu. Ule wa pili ni wenu, semeni mnachotaka, ila kabla hamjamaliza mnijibu maswali yangu." Kanda zikaanza kurudi zimejaa. Upande mmoja una dakika thelathini: ishirini na sita zilikuwa salamu, na nne zilikuwa sehemu na desimali. Mkaguzi mmoja alisikiliza akauliza kama hiki ni kituo cha walimu au idhaa ya salamu. Mwalimu Kaha yeye alisikiliza zote, macho yamefumbwa, upepo ukivuma ndani ya redio na kengele za mbao za ngamia zikigonga mahali pasipo jina. Kisha naye akaanza kila somo kwa kusalimu: boma kwa boma, wazee kwanza, mvua, mifugo, wagonjwa. Alituambia salamu ni sehemu ya mashine. Bila hiyo, haiwaki.

Katika boma moja, mama aitwaye Faduma kila mara alisogeza redio kivulini somo likianza, kwa maelezo kwamba mwalimu mgeni haketishwi juani. Watoto walimcheka. Sisi hatukumcheka, kwa sababu kanda za boma lake ndizo pekee ambazo hazikuwahi kupindika kwa joto, na tangu hapo tukaagiza maboma yote yamketishe mwalimu kivulini.

Sasa tufike mwaka 1997, ambao hatuwezi kuuruka hata kama chakula kinapoa. Ukame ulikuwa mkali. Wanafunzi kumi na saba wa darasa la nane walikuwa na mifugo, wengine Ijara, wengine karibu na Masalani. Walisoma kwa kanda tangu darasa la nne. Ilipofika Machi, afisa aliyesimamia usajili wa mtihani (ameomba jina lake lisitajwe, na tunaheshimu) alitazama rejista, akakuta alama za kutokuwepo zimepangana kama siafu, akakata majina yote kumi na saba. Mtoto asiyesajiliwa Machi hafanyi mtihani Novemba. Na mtoto wa mfugaji asiyefanya mtihani mwaka wake, mwaka unaofuata ni mchungaji wa kudumu, au ni mke wa mtu.

Mwalimu Kaha alikwenda ofisini kwa miguu. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mwalimu, mahudhurio ni mtu. Kanda si mtu." Naye akamjibu, "Mtoto anayenijibu kutoka Ijara unakataa kumhesabu. Anayekoroma dawati la nyuma unamhesabu. Nifundishe hesabu hiyo, Bwana Afisa, nami nikaifundishe." Afisa akacheka bila kutaka, kisha akatoa sharti: angeuliza maswali yeye mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, ili pasiwe na ujanja. Wakijibu kabla usajili haujafungwa, wamehudhuria.

Alikuja Kituoni, akaketi kati ya magodoro, akabonyeza kitufe. "Swali la kwanza," akaanza, na akaenda hivyo hadi la ishirini, akazima. Mwalimu Kaha alimshauri asalimu kwanza. Akasema mtihani hausalimii. Kanda ikaondoka na Fartun.

Ilirudi siku chache kabla ya usajili kufungwa, na haikuwa na jibu hata moja. Mabomani waliisikiliza wakaogopa. Sauti ya mwanamume mgeni, haina jina, haina ukoo, haiulizi mzima wala mgonjwa, inauliza maswali tu: walidhani ni polisi, au mhesabu mifugo, au mtu aliyeleta habari ya msiba akashindwa kuisema. Mzee Guleid, babu wa Nimco, mmoja wa wale kumi na saba, aliwakataza watoto wasijibu, akajibu yeye, kwa Kiswahili chake cha mnadani. Afisa aliisikiliza palepale ghalani: "Wewe mtu ya maswali, salamu yako iko wapi? Baba yako nani? Mama yako ni mzima? Watoto mzima? Kwenu mvua imenyesha? Mimi naketi hapa, nangoja. Swali yako nayo ingoje." Baada ya hapo hapakuwa na neno. Mzee alikuwa anangoja kweli. Ulisikika upepo, na kengele moja ikienda mbali, ikarudi, ikaenda, mpaka upande ukaisha.

Afisa aliomba irudishwe mwanzo, akaisikiliza tena, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akavua viatu kama alivyomwona Mwalimu Kaha akivua, akabonyeza kitufe. Alitaja jina lake, la baba yake na la babu yake. Alisema mama yake anaumwa miguu lakini anatembea. Alisema anatoka kwenye milima ya majani chai na kwamba kwao imenyesha jana na juzi. Aliwasalimu wazee wa maboma yote manne, ambao Mwalimu Kaha alimnong'oneza majina yao. Hapo ndipo alipofika kwenye swali la kwanza.

Fartun alikataa kungoja gari la maziwa. Aliomba lifti ya lori la ng'ombe lililokuwa likirudi tupu. Kanda ilirejea siku ya mwisho ya usajili, mchana, imefungwa kwenye kitambaa kinachonuka moshi. Mzee Guleid alianza: "Mtoto yangu, kumbe mvua yetu mmekalia nyinyi huko! Ambia mama yako apake mafuta ya kondoo kwa miguu. Sasa sikiliza watoto." Na wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akitaja jina lake, Nimco, Hamze, Hinda, sauti zao zikitoka katika vumbi na mwanga kama watu wanaoingia mlangoni. Afisa alikuwa na orodha mkononi na kalamu. Kila sauti ilipotoka, aliandika yupo. Aliandika mara kumi na saba.

Novemba mvua ile ikaja kulipiza miaka yote, barabara zikawa mito. Kumi na sita walifika kufanya mtihani. Mmoja, Awil, alizuiliwa na mto Tana ng'ambo ya pili akafanya mwaka huu. Kati ya wale kumi na sita, kumi na mmoja walipata nafasi sekondari, na Nimco ni mmoja wao. Hiyo ni asilimia sitini na tisa. Wenzao thelathini na wanane waliokaa darasani mwaka mzima walipata nafasi ishirini: asilimia hamsini na tatu. Sisi hatusemi neno. Namba zimesema.

Kibali kilichotokana na hayo, cha kuhesabu sauti kuwa mahudhurio, hata hivyo, hutolewa kwa mwaka mmoja tu, kisha huombwa upya, kana kwamba kiangazi ni jambo linaloishangaza ofisi kila Januari. Yule afisa alihamishwa. Cha 1999 bado hakijatiwa sahihi. Afisa wetu mpya ameketi safu ya mbele. Tumemwekea maji baridi na kalamu.

Mwalimu Kaha anahamia kwa kaka yake, upande wa Ijara. Ofisi kuu imemnunulia saa nzuri ya ukutani. Nyumba anayokwenda ni ya mikeka, ukuta haina, lakini nia tumeiona na tunashukuru. Sisi wa Kituo tumemnunulia turubai.

Alhamisi iliyopita alirekodi kanda yake ya mwisho, ya darasa la nane la mwaka ujao, ambalo watoto wake ishirini na wawili wameshaondoka na mifugo. Tulisimama nje ya mlango tukisubiri aage. Aliwasalimu, akawafundisha, akaacha kimya chake, akasema vyema, na mwishoni akawaambia wafungue ukurasa unaofuata. Alipotoka tulimwuliza mbona hakuwaambia kwamba anaondoka. Alijibu huku akikunja blanketi, "Mtoto aliye malishoni akisikia mwalimu ameaga, hufunga kitabu. Hawa wana mtihani."

Basi, Mwalimu Kaha, kwa miaka ishirini na tisa tunakushukuru, na hatukuagi. Uende ukaishi vema, uwe na afya, maziwa yasikauke, na mvua ije ikijua pia kuacha. Sisi tumeshafungua ukurasa unaofuata.