Sogeeni, Mwenzenu Amefika

Karibuni tena, wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, iwe jikoni au shambani. Leo tunamkumbuka Mwalimu Drusilla Mong'ina wa Gesima, aliyefundisha shule ya Jumapili tangu akiwa msichana. Tulimzika juzi. Na nitasema wazi, nimekasirika.

Siku za wiki Mwalimu Drusilla alichuma majani chai. Jumapili alikaa na watoto wetu kwenye benchi refu. Wengi wa Gesima walijifunzia kusoma pale, kabla ya kuingia darasa la kwanza. Na alikuwa na sheria moja. Mtoto akichelewa, hata awe na matope mpaka magotini, hafukuzwi. "Sogeeni, mwenzenu amefika," aliwaambia wengine. Kisha kwa yule mtoto, "Soa, ikaransa." Ingia, ukae. Narudia, wasikilizaji: hakumfukuza mtoto hata mmoja.

Mwaka jana wazee wa kanisa wakamfukuza yeye. Kisa? Yeye na marehemu mumewe hawakufunga ndoa kanisani. Miaka yote hiyo wazee hawakujua? Aliyemsomea uamuzi ni Mzee Omwenga. Na huyo Omwenga alifundishwa kusoma na nani? Na Drusilla huyo huyo!

Watoto wakamfuata nyumbani. Wazazi wakapigilia benchi jingine, likawekwa barazani kwake.

Alipofariki, kanisa likakataa kumzika. "Tulisimama na jeneza nje, mlango umefungwa," binti yake, Loice, aliniambia. "Mlango ambao mama alikuwa akiufuta vumbi kila Jumamosi!"

Basi akazikwa nyumbani, bila mchungaji. Watoto waliketi kwenye benchi lao. Waliimba wenyewe, wakasoma Biblia wenyewe, bila kukwama. Katikati ya wimbo akatokea Mzee Omwenga, peke yake, akasimama kando ya ua. Purity, msichana wa miaka saba, akamwona. Akawasukuma wenzake, benchi zima likasogea.

"Soa, ikaransa," akamwambia.

Mzee Omwenga akatazama chini. Hakukaa. Akaondoka.

Loice, pole sana. Poleni familia na watoto wote wa benchi lile. Nasi wengine tujiulize, tuliokaa kimya mlango ukifungwa, tulijifunza nini kwa Drusilla?

Na wewe Mzee Omwenga, kama redio yako iko wazi, Jumapili watoto watakuwa pale barazani. Purity anasema nafasi yako ipo.