Nyama ya Kwanza ni ya Ruthu

Wasikilizaji wapendwa, uliye jikoni na uliye njiani, sogeeni tukae kidogo. Leo tunamkumbuka Mzee Batholomeo Chiloleti wa Nzuguni, hapa hapa Dodoma. Fundi wa pampu za maji. Mume wa Emiliana. Baba wa Ruthu. Kama umewahi kuteka maji ya kisima kirefu kule vijiji vya Mvumi, huenda mkono wake ulipita pale.

Alipostaafu, Mzee Batholomeo alitaka kitu kimoja tu: jiko lake mwenyewe la kuchomea nyama, uani kwake. Maisha yake yote alikuwa mtu wa mnada wa Msalato, kila Jumamosi, anakula nyama amesimama juani. Sasa alitaka kula amekaa, na mwanawe pembeni. Ruthu, mtoto wao wa pekee, ni muuguzi Mtwara. Likizo yake kila ikikaribia, inasogezwa mbele.

Mwezi wa sita fundi akakata pipa katikati, akalitia miguu na wavu wa nondo. Pipa lenyewe lilikuwa la oili. Fundi akaonya: "Mzee, usiweke nyama kwanza. Washa mkaa mtupu mpaka harufu iishe."

Basi vituko vikaanza. Mzee akaliweka jiko karibu na bafu. Upepo wa Dodoma mnaujua, hauna adabu. Moshi wote ukaingia chumbani kwa mkewe. Akalihamishia ukutani, cheche zikarukia khanga zilizoanikwa. Mwishowe akaliweka nyuma ya tangi la maji, likaupa upepo mgongo, likatulia. Akawa anawasha moto kila jioni. Moto mtupu, wasikilizaji wapendwa. Nyama hakuna.

Jirani yao, Bwana Wambura, mtumishi wa serikali, akanusa moshi, akaja mbio na bakuli la kachumbari. Akakuta mkaa unawaka na mzee yuko kwenye kigoda, anautazama. Tangu siku hiyo ikawa ni kuulizana juu ya ukuta.

"Mzee Batho! Leo kuna nyama, au moto mtupu?"

"Moto mtupu!"

Wanacheka wote wawili.

Harufu ya oili ilikuwa imeisha zamani, na Emiliana alijua. "Baba Ruthu, mkaa unateketea bure," alimwambia. "Nunua hata mbavu za mbuzi tule."

Mzee akatikisa kichwa. "Nyama ya kwanza ni ya Ruthu. Akija ataikata mwenyewe."

Emiliana anasema alikasirika, akaingia ndani akafunga mlango. Leo anaililia jioni ile. Angetoka na kigoda chake, anasema, wakae tu, wautazame huo moto wote wawili.

Mwezi wa tisa, Mzee Batholomeo alijilaza mchana, hakuamka. Ruthu alifika kuzika.

Msibani, wanaume wa ukoo waliliona jiko, wakataka kulichomea nyama ya waombolezaji. Emiliana akasimama mlangoni. "Hilo msiliguse. Hilo si la msiba." Nao wakaliacha.

Matanga yalipoanuliwa, wakabaki mama na mwana. Kesho yake Ruthu alikuwa anarudi kazini. Akanunua mbavu. Lakini nani awashe? Kwao kuchoma nyama ni kazi ya wanaume. "Nimempikia ugali na mlenda miaka yote," anasema Emiliana, "lakini moto wake sikujua unaanzia wapi."

Wakamwaga mkaa wote, wakautandaza jiko zima. Mafuta yakadondoka, miali ikaruka, mbavu zikaungua upande mmoja. Ruthu akashika kisu. Hakukata. Alisimama pale analia, na nyama inazidi kuungua.

Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, kwa mazoea tu:

"Mzee Batho! Leo kuna nyama, au..."

Ikakatika. Bwana Wambura alikuwa amekumbuka.

Emiliana akajifuta uso kwa khanga, akapaza sauti kama alivyokuwa akifanya mumewe. "Leo ipo, baba! Njoo na kachumbari!"

Na Ruthu akakata.

Mama Emiliana, dada Ruthu, poleni sana, pamoja na ndugu wote wa Nzuguni na Mvumi. Tunalia nanyi, na tunamwomba Mungu ampokee mzee wenu. Na wewe unayenisikiliza sasa, uliye mbali na kwenu, jiulize nani anakungoja. Huenda jioni hii amekaa kwenye kigoda chake, na mkaa unawaka mtupu. Omba ruhusa, panda basi. Nenda ukale naye.