Gladys Nyamvula na Diski za Mwalimu Nyale

Familia ya Mzee Absalom Oduor wa Miritini na ukoo wa marehemu Mzee Tinga Munga wa Mazeras wanawashukuru nyote mliofika kumsindikiza mpendwa wetu, Gladys Nyamvula. Maisha yake yanasomwa na binti yake wa kwanza, Rispa.

Mama alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 huko Mazeras, masika yakinyesha, ndiyo maana akaitwa Nyamvula. Alikuwa kifungua mimba. Bibi alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa na wasiwasi wake: akitumwa kisimani, hurudi kutoka njiani kuhakikisha kwamba banda la mbuzi limefungwa. Tabia hiyo hakuiacha. Sisi wanawe tulizoea kufika barabarani tumeshavaa nguo za kanisani, kisha Mama asimame na kuuliza, "Jiko nimelizima?" Baba alirudi nyumbani kuangalia. Hakulikuta linawaka hata siku moja, lakini alirudi kila alipoulizwa.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Mazeras kuanzia mwaka 1968 hadi 1974. Aliyemfundisha kusoma na kuandika ni Mwalimu Nyale, ambaye yuko nasi leo, ameketi pale mbele. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1978, akajifunza kupiga chapa mjini Mombasa mwaka uliofuata.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zake zikiwa Changamwe. Kompyuta zilipoletwa mwaka 1986, wenzake waliziogopa. Mama aliziogopa zaidi yao, na kwa sababu hiyo alisoma kila kitabu kilichokuja nazo, asije akaharibu kitu. Mwishowe yeye ndiye aliyekuwa akizitengeneza. Alistaafu mwaka 2016. Mashine kuukuu zilipotupwa aliomba vipuri vyake, akavileta nyumbani vimefungwa kwa khanga.

Alifunga ndoa na Baba, fundi wa reli, tarehe 8 Desemba 1984, katika kanisa la Changamwe. Mungu akawajalia mimi na ndugu yangu Tinga. Picha za harusi Mama alizihifadhi kwetu, kwa Tinga na kwa shangazi, ili nyumba moja ikiungua zisipotee zote.

Mwishoni mwa mwaka 2021 Mwalimu Nyale alimletea sanduku la bati. Ndani mlikuwa na diski pana, nyeusi, laini kama kadibodi. Miaka ya themanini, Mwalimu na wenzake walizunguka vijijini kukusanya maneno ya Kiduruma, lugha ya kwao Mazeras, na kanisa likayachapa kwa kompyuta. Karatasi zililiwa na mchwa. Wenzake wote wametangulia mbele za haki. Kamusi nzima ilibaki ndani ya diski hizo tu, nazo zilikuwa zimeota ukungu.

"Nyamvula," Mwalimu alimwambia, "nataka nikione kitabu hiki kabla sijaondoka."

"Abee, Mwalimu. Nitajaribu."

Kompyuta za sasa hazina hata tundu la kupokea diski kama zile. Draivu ya zamani, mashine ya kusomea diski hizo, Mama alikuwa nayo, lakini draivu haifanyi kazi bila kadi ya kielektroniki ya kuiendesha, na kadi nyingi haziwezi kusoma uandishi wa mashine ile ya kanisa. Katika vipuri vyake, kadi moja tu iliweza. Mama aliifuta kwa spiriti, akaichomeka, na diski ya kwanza ikaanza kunguruma. Kazi ilikuwa kuinakili diski nzima, duara baada ya duara, ili ipatikane nakala yake kwenye kompyuta mpya. Alikaa ameshika ukingo wa meza mpaka ikaisha. Ukungu ukikwaruza kichwa cha draivu, diski inaharibika na draivu nayo. Kwa hiyo kila diski aliitoa kwenye ganda lake, akaiosha taratibu na kuianika kivulini, tukikatazwa hata kufagia karibu.

Mwezi Agosti 2022 alianza kuishiwa pumzi. Madaktari walisema moyo umepanuka, wakampa dawa na kumtaka apumzike. Baba alimsihi.

"Mama Rispa, iache hiyo kazi kwanza."

"Nikiiacha, ukungu hauachi," alisema.

Mwalimu alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. "Umefika wapi?" Mama aliiogopa simu hiyo. Alihofia Mwalimu atatangulia, na siku nyingine alihofia atatangulia yeye.

Machi 2023 umeme ulipotea, ukarudi kwa kishindo. Tulisikia harufu ya kuungua. Kadi ilikuwa imekufa na kamusi haijafika nusu. Mama hakula siku hiyo. Baba alizunguka kwa wauza vyuma chakavu wa Changamwe yote, akarudi na kadi ambazo hazikufaa. Hatimaye Mama akamkumbuka Mueni wa Utange, aliyefanya naye kazi, ambaye naye aliondoka na kompyuta moja ya ofisi. Tulimkuta Mueni ameiweka chini ya cherehani yake ili kuiinua.

"Chukueni," alisema, "lakini mniletee tofali."

Kadi iliyokuwa ndani ilikuwa na kutu ya chumvi. Mama aliisugua miguu ya kadi hiyo kwa kifutio cha shule, akaniambia nimwombee. Ilisoma.

Polepole diski ziliendelea, hadi ikabaki moja, ile ya maneno ya mwisho. Ilikuwa imebanduka pembeni utando wake unaoshika maneno, na Mama aliiacha makusudi ije nyuma ya zote. Aliijaribu Januari mwaka huu, adhuhuri, Baba akiwa amesimama mlangoni. Draivu ilipiga ukelele mmoja. Aliizima haraka, lakini unga wa rangi ya kahawia ulikuwa umeshamwagika ndani.

Kisha akachukua simu, akampigia Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Ile ya mwisho imeniharibikia."

Mwalimu akasema, "Marahaba. Kesho nakuja."

Alikuja na mkongojo wake. Siku hiyo, na siku nyingi baadaye, aliketi kando ya kiti cha Mama akiyatamka maneno anayoyakumbuka, naye Mama akayaandika. Walibishana. Mwalimu akisema neno fulani lina maana moja, Mama humwambia kwao lina mbili. Ni wiki hizo tu tulipomsikia akicheka tangu augue.

Mwishoni mwa Mei miguu ilimvimba, akalazwa hospitalini. Waliendelea kwa simu. Neno moja likawashinda: jina la ile sauti ya maziwa yakitikiswa ndani ya kibuyu. Wote wawili walilijua, na wote wawili lilikuwa limewatoka. Mama aliwauliza hata wauguzi.

Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, asubuhi, Mama alifariki dunia, Baba akiwa amemshika mkono. Hatukuwa tumetoka wodini simu ya Mama ilipoita. Baba akapokea.

"Mwambie Nyamvula nimelikumbuka," Mwalimu alisema, sauti yake tukaisikia sote.

Baba ni Mjaluo, na Kiduruma chake ni cha kusalimia. Aliomba kalamu kwa muuguzi. "Nitajie taratibu, Mwalimu, herufi kwa herufi." Aliliandika kwenye kiganja chake, akalisoma tena ili asikosee, akasahihishwa, akashukuru. Ndipo akamwambia.

Neno hilo tumeliingiza mahali pake. Mengine yaliyopotea, Mwalimu bado anayatafuta, nami naandika.

Marehemu ameacha mume, Mzee Absalom Oduor, watoto, Rispa na Tinga, mkwe, Caroline, wajukuu, Mapenzi na Absalom mdogo, wadogo zake, Munga na Salome, na Mwalimu wake, Nyale.

Mama, jiko limezimwa na mlango umefungwa. Mola akulaze pema, upumzike sasa bila wasiwasi.