Mzee wa Mahema: Dalmas Ondiek Oluoch (1962–2025)

Ndugu yetu Dalmas Ondiek, ambaye leo, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025, tunamsindikiza hapa nyumbani kwake Otonglo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Oluoch, fundi wa baiskeli sokoni, na marehemu Mama Ajwang.

Alisoma shule ya msingi hapa Otonglo hadi 1976, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980. Tangu siku za shule, kukiwa na matanga kijijini, yeye ndiye aliyepanga vivuli vya wageni, wakati huo turubai juu ya miti. Familia upande wake, wakwe upande wao, kila kundi na njia yake ya kuingilia. Ondiek akiwa kazini, hakuna mkwe aliyewahi kugongana na mama mkwe, jambo ambalo kwa mila yetu ni mwiko.

Mwaka 1983 aliajiriwa kama karani katika Wizara ya Mambo ya Nje, akapanda hadi kuwa afisa wa itifaki, yaani mtu anayepanga nani aingie lini na akae wapi. Alihudumu Addis Ababa na Lusaka, akastaafu Machi 2022.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Beldina Adongo, mfanyabiashara wa samaki wa Dunga. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilifanyika hapa Kisumu, Juni 2019. Mabalozi wa nchi tisa walikuja kusaidia kupatanisha nchi moja ambayo serikali yake na majenerali walioasi walikuwa wanapigana mwaka wa tatu. Jina la nchi hiyo hakulitaja hata mezani kwake, nasi hatutalitaja. Siku ya kwanza, Jumatano tarehe 12, Ondiek aliandaa meza moja ndefu. Pande zote mbili zilitoka baada ya dakika kumi na moja. Hakuna aliyetaka watu wa kwao wamwone ameketi na adui kabla ya kukubaliana. Ndege za mabalozi zilikuwa Ijumaa jioni. Wakiondoka bila sahihi, vita vingeendelea.

“Kosa ni langu,” alimwambia mkewe jioni hiyo.

“Baba Byron,” Mama Beldina akamjibu, “hao si ni kama wakwe tu? Kwani wakwe unawawekanga meza moja?”

Alhamisi asubuhi uwanja wa hoteli ulikuwa na mahema matatu: moja la serikali, moja la majenerali, na la mabalozi katikati. Kila hema lilikuwa na njia yake. Mabalozi ndio waliozunguka, wakisalimia kila upande ndani ya hema lake na kubeba ujumbe.

“Bwana Ondiek,” mkubwa wake alifoka, “hii ni mkutano ama ni matanga?”

“Mheshimiwa, matanga iko kwao. Hapa tunataka iishe.”

Ijumaa saa kumi na dakika arobaini alasiri, pande zote mbili ziliingia hema la katikati kwa wakati mmoja, kila moja kwa mlango wake, zikatia sahihi. Mapigano yakasimama. Mkubwa wake ndiye aliyeanza kumwita Mzee wa Mahema.

Figo zake zilianza kudhoofika mwaka 2023, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Agosti mwaka huu, akiwa wodini, aliona kwenye televisheni wabunge wa nchi ile wakiapishwa baada ya uchaguzi wa amani. “Sista, ongeza sauti,” alisema. Kisha akaguna: “Angalia, spika wamemuweka kwa jua!” Alituacha Jumanne tarehe 4 Novemba, saa moja asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Beldina Adongo, watoto Byron, Debra na Frankline, wajukuu watano, na dada yake, Mama Wilkista.

Pande zote mbili za nchi ile ziliomba kuleta wawakilishi leo, na kamati ya mazishi ikakodi mahema mawili. Jumatano tulipigiwa simu kutoka huko: moja linatosha, watakaa pamoja. Ndilo lile jeupe, kushoto kwa jeneza, lenye mlango mmoja.

Lala salama, Ondiek. Wageni wako wamekaa vizuri.