Miaka Ishirini ya Kumshuku Drahomíra Koutná

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Brno kumsindikiza shemeji yangu, familia imenituma mimi, Bohdan Koutný, niwasomee maisha yake, na nimekubali nikijua kwamba baadhi yenu mliokaa viti vya nyuma bado mnamshuku, maana shaka hiyo niliieneza mimi.

Marehemu Drahomíra alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mjini Prostějov, mtoto wa pili wa fundi cherehani Hynek Vrba na mkewe Aloisie, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha mwaka 1953 akaja hapa kusomea uchoraji wa herufi, akahitimu mwaka 1957, na kuanzia Septemba 1961 akalifundisha somo hilo. Tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa na kaka yangu Otakar, fundi wa kujalidi vitabu, wakajaliwa mabinti wawili, Radka na Silvie.

Alikusanya vitabu vya zamani vya mifano ya herufi, ambavyo viwanda vya uchapaji vilikuwa vikivitupa, naye Otakar akavishona upya, mpaka vikajaza kuta mbili za sebule, na hakuna aliyevigusa kabla ya kunawa mikono.

Februari 1977 mimi, nikiwa mchoraji wa vibao vya maduka, niliandika mabango tisa ya kudai kiongozi wa kwaya yetu atolewe gerezani, na herufi nilizinakili kwa siri kutoka kitabu cha shemeji cha mwaka 1923, zile ambazo mguu wa K unashuka chini ya mstari. Tarehe 3 Machi maofisa wa usalama wa serikali ya kikomunisti walimwita awatambulie mwandishi, na jirani akaona wakipakia vitabu vyake garini. Tarehe 5 nilikamatwa, nikaamini yeye ndiye aliyenitaja, nikafungwa miezi kumi na minne.

Nilipotoka nilimkuta hafundishi tena, anapiga pasi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, nikawaambia watu, "Hata huko kufukuzwa ni maigizo, wamempa kazi ya kusikiliza wauguzi." Nilikula samaki wa Krismasi mezani kwake kila mwaka nikichunga ulimi, akienda jikoni nilitega sikio kama anainua simu, na kaka yangu akiniuliza nina nini, nilimjibu, "Muulize mkeo."

Mwaka 1997 tuliruhusiwa kusoma majalada ambayo maofisa wale walikuwa wametuandikia, nami nikaenda kutafuta saini yake. Niliikuta, chini ya maneno haya: "Herufi hizi ni za mtu asiyejua kazi, na hazitoki katika kitabu chochote ninachokijua." Karatasi iliyofuata iliagiza aondolewe ualimu kwa kukataa kushirikiana. Aliyenitaja alikuwa mwingine, aliyejua nilikonunua rangi, na jina lake lilikuwa limefutwa kwa wino mweusi.

Nilikwenda kwake siku hiyohiyo, nikasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shemeji, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini, Bohdan? Wewe ulihukumu tu."

"Na kitabu chenyewe?"

"Kilikuwa kwenye kapu la nguo chafu. Wanaume wale hawakutaka kushika soksi za Otakar. Halafu ile K yako ilikuwa mbovu kweli. Hapo sikusema uongo. Ingia, mlango unaingiza baridi."

Tangu hapo alipokea sebuleni wabunifu vijana kutoka miji mingi, waliokuja kunakili herufi za kitabu hicho kwa penseli, lakini wazee wa mtaa waliendelea kunyamaza alipoingia dukani, na nilipowaeleza ukweli walinijibu, "Ni shemeji yako, lazima umtetee."

Aliondokewa na Otakar mwaka 2004, akaugua moyo kuanzia Mei mwaka huu, na akafariki tarehe 6 Novemba 2011, saa nne asubuhi, Radka na Silvie wakiwa wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompelekea supu, na wenzake wa chumba cha kufulia, ambao hawakumshuku hata siku moja. Mimi bado nawatazama usoni ninyi wenye umri wangu na kujiuliza ni nani kati yenu aliyelijua lile duka la rangi, na ugonjwa huu wa kushuku naona nitakufa nao.

Shemeji Drahomíra, pumzika sasa katika amani ile niliyokunyima mezani kwako mwenyewe.